Kompyuta ya Kamala Haizimwi

4 Oktoba
Kompyuta ina moto. Hakuna aliyeigusa tangu jana, imekaa mezani imefunikwa kitambaa nilichofuma mwenyewe, lakini ukiweka mkono juu yake ni kama umegusa paji la mtoto mwenye malaria. Feni yake inavuma, unaisikia mpaka jikoni. Mvua ya vuli imeanza leo mchana, mvua ya adabu, imekuja ikapita zake.

6 Oktoba, Jumapili
Kanisani hawajui wanisalimie vipi. Wengine wananipa pole ya msiba, wengine wananiambia tuzidi kuomba, na mama mmoja wa kwaya alinishika mkono akabaki ananitazama tu mpaka nikamwambia aniachie, nataka kwenda nyumbani. Hata mimi sijui nijiweke upande gani. Mwanangu Kamala, niliye naye mmoja tu, alikuwa mfanyabiashara wa dagaa visiwani, upande wa Muleba. Mwishoni mwa Septemba boti yao ilipigwa na upepo ikapinduka. Walipatikana wote isipokuwa yeye. Mwenzake Ndaki waliyekaa benchi moja alipatikana siku ya pili. Kamala hapana. Watu wakisema amekufa nawauliza, yuko wapi?

7 Oktoba
Leo nimeondoa kitambaa na kuikagua kompyuta. Mimi ni mwalimu wa hesabu mstaafu, si mtu wa kuogopa mashine. Nimefungua ule ukurasa unaoonyesha programu zote zinazofanya kazi na kila moja imechukua memori kiasi gani. Kompyuta iliyokaa bure inatakiwa itumie kidogo. Hii ilikuwa imefika asilimia sabini na nane. Juu kabisa ya orodha, imekalia karibu nafasi yote, ni ile programu aliyoiweka Kamala Krismasi iliyopita.

Namkumbuka amekaa hapa hapa, mguu juu ya kiti kama kawaida yake, nikimgombeza aushushe. Akaniambia kila picha atakayopiga kisiwani itakuja yenyewe kwenye kompyuta hii, nimwone mjukuu wangu Roza anavyokua bila kungoja sikukuu. "Ila usiizime, Mama. Ukiizima, picha zitakaa zinasubiri kwenye simu." Sijaizima tangu siku ile.

Nimekaa naitazama ile namba ikatoka sabini na nane ikawa sabini na tisa mbele ya macho yangu. Kuna kitu kinaingia. Kitu kinaingia kutoka kwenye simu ya Kamala, na simu haijipigii picha yenyewe.

8 Oktoba
Themanini na moja. Nimemwambia Kezia, mke wa Kamala, marufuku kuchomoa chaja ili apige pasi.

12 Oktoba
Leo amekuja Ta Rugemalira kutoka Kaagya. Ni kaka mkubwa wa marehemu mume wangu, ndiye mkubwa wa ukoo, na ndiye anayekaa kwenye kibanja chetu, shamba la migomba la ukoo. Amekuja na mkungu wa ndizi na viatu vya matope, akakaa, akatafuna buni taratibu, akauliza habari za magoti yangu. Nikajua kuna jambo. Mtu hatoki Kaagya na mvua hii kwa ajili ya magoti.

Kezia alipotoka kuchemsha chai ndipo akasema. Ukoo umekaa. Wameona tumzike Kamala kwa mgomba, kama walivyofanya wazee kwa mtu aliyeliwa na ziwa au aliyefia mbali asirudi. Unakatwa mgomba uliokwisha kuzaa, kwa sababu Kamala ameacha mtoto, unafungwa kwenye lubugo, lile gome la mti tunalovika wafu wetu, unalazwa kaburini kibanjani kando ya baba yake. Mchungaji amekubali kuja kuomba na familia, mgomba ni wetu wenyewe. Lakini hakuna anayeweza kuukata kabla mama mzazi hajasema ndiyo.

"Mtu wetu analala nje, Ma Alistidia," akasema.

Nikamjibu analala nje kama amekufa, kama hajafa amelala mahali. Hakukasirika. Akanieleza kwa upole, jambo ambalo liliniudhi zaidi, kwamba Kezia kwa sasa si mke wala si mjane, hawezi kukaa matanga, hawezi kuondoka, hawezi kubaki. Na Roza hawezi kuonyeshwa sehemu ya baba yake kibanjani kwa baba ambaye hajazikwa. Nikamshika mkono nikampeleka mbele ya kompyuta. Akavaa miwani.

"Naona namba," akasema.

"Zinapanda."

"Mwaitu," akaniita, yaani wa kwetu, "hata presha yangu inapanda, na hakuna anayenitumia picha."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumtoa nje. Nikamwambia jibu langu ni hapana, na akiukata mgomba bila mimi asinihesabu tena kuwa mtu wa nyumba ile. Aliondoka kabla ya mvua ya jioni. Kezia alikuwa amesimama mlangoni na sinia la chai, na kwa uso wake nilijua amesikia yote. Akaliweka mezani akarudi jikoni. Angesema tu, ningeona afadhali.

13 Oktoba
Mvua. Themanini na nne.

17 Oktoba
Niandike kuhusu Kezia, maana ananikera na nikimwambia mtu ataona mimi ndiye mbaya. Ni Mkerewe, wazazi wake wako kisiwani, Kamala alimkuta huko akiwa anaanika dagaa. Ni mtu wa maneno machache. Tangu aje hapa Nshambya na mtoto, anaamka mapema, anafagia, anamenya ndizi vizuri kuliko wasichana wengi wa kwetu, na hajalia mbele yangu hata siku moja. Leo nimemkuta nyuma ya jiko ameweka simu sikioni. Haongei, anasikiliza. Aliponiona akaikata haraka akaiingiza kwenye kanga.

Hii si mara ya kwanza. Mwanamke anayesikiliza simu kwa kujificha anamsikiliza nani? Sasa naelewa kwa nini hakuna anayenitetea Ta Rugemalira akizungumzia mgomba. Kuna mtu ana haraka ya kuwa mjane.

21 Oktoba
Umeme ulikatika tangu jana asubuhi, kompyuta ikamaliza chaji ikajizima yenyewe. Siku nzima sikuweza kula. Nilikuwa naona picha zimepanga foleni huko ziliko. Umeme uliporudi nikaiwasha. Memori ilikuwa chini, asilimia thelathini na kitu. Nikakaa. Ilipofika saa ya chai ikawa imepanda mpaka hamsini. Nimesema asante Bwana kwa sauti, Roza akaitikia amina akidhani tunaombea chakula.

26 Oktoba
Nimekwenda Bilele kwa Muhidini, fundi kompyuta, niliyemfundisha kidato cha pili na ambaye bado anasimama nikiingia. Kwanza alicheka kuhusu kitambaa. Alisema wateja wake wengi huvika kompyuta kama kochi halafu wanashangaa zinaungua. Akaangalia memori akasema, Mwalimu, dawa yake ni rahisi, tuifute programu hii, inakula memori ya bure. Alikuwa ameshaweka kidole. Nikaifunga kompyuta kidole chake nusura kibaki ndani. Nikambeba mgonjwa wangu nikaondoka bila kuaga. Nitamwomba radhi siku nyingine.

29 Oktoba
Roza amehara. Kezia kamchemshia majani ya mpera. Themanini.

2 Novemba
Mvua ya mawe na radi tangu mchana. Mti umeanguka kwa jirani. Umeme upo, lakini mtandao umepotea mji mzima, wanasema radi imepiga mnara. Simu haziiti wala kuitwa.

3 Novemba
Mtandao bado. Kezia ameshika simu mchana kutwa anaigeuza geuza. Kumbe na wewe, nikasema moyoni, mtu wako hakupati.

5 Novemba
Nina jambo la kuandika na sitaki kuliandika.

Mtandao bado haujarudi. Asubuhi nilifungua kompyuta nikitegemea kuona namba imesimama. Nilikuwa nimejiandaa kuumia, kwamba siku zote hizi hakuna kilichoingia, lakini mtandao ukirudi tutaendelea. Namba haikusimama. Imepanda. Imepanda jana na juzi kama inavyopanda siku zote, si zaidi, si pungufu.

Nimefundisha hesabu za tangi na bomba mpaka nikazeeka. Bomba linajaza tangi, tafuta litajaa kwa muda gani. Kila mwaka yupo mwanafunzi mmoja msumbufu anayeuliza, Mwalimu, tutajuaje kama maji yanatoka kwenye bomba hilo? Nami nilikuwa namjibu, funga bomba uone. Radi imenifungia bomba. Na tangi linajaa.

Nimesimama katikati ya sebule na mfagio mkononi. Basi hakuna kilichokuwa kinaingia. Wala Oktoba, wala siku ile niliyosema asante Bwana mtoto akaitikia amina. Picha zinazofika zinakaa kwenye folda, na folda ile iko pale pale kwenye kioo, ina jina lake, Kamala kaliandika kwa herufi kubwa ili nisisumbuke na miwani. Ningeweza kuifungua siku ya kwanza. Mtu yeyote mwenye akili angeifungua siku ya kwanza. Sikuifungua kwa sababu niliogopa nitakachokiona, nikaenda kukaa mbele ya namba, kwa kuwa namba haina uso.

Nimemwambia Kezia kichwa kinaniuma. Nimelala mchana.

7 Novemba
Mtandao umerudi. Nimekwenda tena kwa Muhidini, nikaanza na samahani ya kidole. Nikamweleza habari ya radi na mnara. Alisikiliza, akafungua, akasoma vitu kwa muda mrefu. Kisha akavuta kiti chake karibu na changu, na fundi akivuta kiti karibu ujue hazungumzii mashine.

"Mwalimu, hii haipokei. Inaita."

Akanieleza pole pole. Programu ile inaitafuta simu ya Kamala mchana na usiku. Kila inapoita, inatenga kwanza nafasi kwenye memori ya kuweka picha zitakazokuja. Simu ikijibu, picha zinaingia, nafasi inaachiliwa. Simu isipojibu, ilitakiwa irudishe ile nafasi, lakini waliitengeneza vibaya, hairudishi. Inatenga nyingine inaita tena. Mtandao uwepo usiwepo, yenyewe inaita. Ndiyo maana kompyuta imejaa na hakuna kitu ndani. Ni kama mtu anayemtandikia mgeni kitanda, mgeni haji, anatandika kingine, mpaka nyumba nzima ni vitanda.

Nikamuuliza itaita mpaka lini.

"Haina mahali palipoandikwa iache, Mwalimu. Mpaka mtu aiambie."

Akauliza kama aifute sasa. Nikasema hapana, lakini safari hii nilisema vizuri, na nikaaga.

9 Novemba
Leo nimegombana na Kezia, na nataka niandike yote kama yalivyokuwa.

Nilimkuta tena nyuma ya jiko, simu sikioni. Silali vizuri siku hizi na nilikuwa natafuta mtu wa kumkasirikia. Nikamwambia kama ana mwanamume mwingine aseme, Bukoba hatumfungi mtu kamba, na aniachie mjukuu wangu aende. Kezia alininyooshea simu. Nikaiweka sikioni, ni yule mama wa kwenye mashine anasema namba unayopiga haipatikani kwa sasa. Nikatazama kioo. Lilikuwa jina la Kamala.

Anampigia kila siku. Tangu boti. Siku mtandao ulipopotea hakujua afanye nini na mikono yake.

Nikamuuliza anatumaini atapokea?

"Hapana, Mama," akasema. "Nilimwona alivyotoka. Simu ilikuwa mfukoni mwa shati, ameifunga kwenye nailoni. Najua iko wapi. Naogopa siku itakapoita. Namba isipotumika wanampa mtu mwingine, ataipokea mtu nisiyemjua, aseme haloo. Napiga ili nijue bado ni ya Kamala."

Nilikaa chini pale pale kwenye kinu. Mwezi mzima nimekaa sebuleni na mashine inamwita Kamala, na huku nyuma ya ukuta mkewe anamwita, na kati yetu sisi wawili ni mimi niliyejiona nina imani. Nilimwambia nisamehe. Ndipo akalia. Alilia kwa sauti kubwa, kwa Kikerewe, maneno mengi sikuyaelewa, na mimi nikalia kwa Kihaya, mpaka Roza akaja akatugawia vipande vya ndizi alivyokuwa anakula.

10 Novemba, Jumapili
Hatukwenda kanisani. Tumefungua folda pamoja.

Picha ni nyingi. Roza ndani ya beseni, Roza na mbwa wa jirani, dagaa kwenye chanja, dagaa, dagaa, Ndaki akicheka bila meno ya mbele, Mungu amrehemu. Ya mwisho ni ya asubuhi ile ile ya boti. Ilifika siku hiyo hiyo ikakaa inanisubiri. Sikufikiria itakuwa nini, nilifikiria labda uso wake. Si uso wake. Ni vitenge viwili vimetandikwa kwenye kaunta ya duka la kisiwani, kimoja cha kijani na kimoja cha zambarau, na kidole gumba chake kimeingia pembeni ya picha.

Nilielewa mara moja. Kwetu mwanamke akimchumia mumewe senene, wale panzi wa msimu tunaowala, mume humpa nguo. Baba yake alipofariki, Kamala alisema desturi haiwezi kufa kwa sababu ya mtu mmoja. Kila msimu wa senene alikuja, akala zangu nilizokaanga, akanipa kitenge. Ila kabla ya kununua lazima atume picha aulize.

"Ningechagua cha kijani," nikasema.

Kezia akasema, "Alijua. Alisema, Mama atataka cha kijani, lakini ngoja nimuulize, asije akaninunia mpaka Krismasi. Akangoja. Boti ilipotaka kuondoka akakinunua."

Alikuwa nacho ndani ya boti.

Nilimpigia Ta Rugemalira kabla ya chakula. Nikamwambia naomba auchague mgomba, ila asiukate, nitafika kuuona mwenyewe. Akasema, asante, mwaitu.

13 Novemba
Senene zimeanguka alfajiri. Watu wako nje na ndoo. Sisi hatukutoka.

16 Novemba
Tumemzika Kamala.

Ta Rugemalira alikuwa amechagua mgomba wa nshakara, ndizi zetu za kupika, mnene, uliozaa mkungu mmoja mkubwa mwezi uliopita, na pembeni yake kuna chipukizi moja. Nikasema ndiyo, huo. Aliukata mwenyewe, mzee yule, hakutaka vijana wamsaidie. Ulipoanguka Kezia aliupokea kwa mikono, na utomvu ukammwagikia mpaka kwenye viwiko. Tuliufunga lubugo. Walioubeba walikuwa wanne na niliwaona wanabadilishana mabega, kwa hiyo ulikuwa na uzito wa mtu. Hilo lilinisaidia. Sijui kwa nini, lakini kama ungekuwa mwepesi nisingevumilia.

Mchungaji aliomba na sisi nyumbani, akasema jina lake lote, kisha akakaa upande wa miti ya kahawa wakati ukoo unafanya ya kwake. Roza akaniuliza kwa nini tunauzika mgomba. Nikamwambia huu ni wa baba yako. Akauliza kama utaota. Nikamwambia hautaota huu, utaota ule mdogo uliobaki pale, na ule ni wako. Ta Rugemalira alisikia. Akamshika mkono akampeleka, akamwonyesha mpaka wa sehemu ya baba yake, kutoka kwenye mti wa kahawa mpaka kwenye mfereji, mbele ya watu wote.

Kezia alinyolewa jioni. Ana kichwa kidogo kama cha msichana wa shule.

20 Novemba
Kaagya, matanga. Mvua. Kezia anasugua mikono kwa limau, utomvu hautoki. Nimemwambia uache, utaisha wenyewe.

30 Novemba
Tumerudi Nshambya. Wazazi wa Kezia wametuma ujumbe arudi kisiwani. Amewajibu bado. Sikumwomba abaki na yeye hakunieleza. Ameondoa masufuria yangu kwenye rafu ya chini akayapanga juu, sasa siyafikii, nimeanza kulalamika kama kawaida.

1 Desemba, Jumapili
Baada ya ibada tumekaanga senene za jirani. Kezia amekula konzi moja kwa mara ya kwanza, amefumba macho. Kamala angemcheka.

Mchana yeye akiwa jikoni nimekaa mbele ya kompyuta. Asilimia tisini na sita. Wakati tukiwa Kaagya, tukiwa tumeshazika, tumeshakunja mikeka, yenyewe ilikuwa hapa peke yake bado inaita. Nilitafuta pa kubonyeza ili kuifuta programu ile. Ikaniuliza kama nina hakika. Nikakaa na swali lile kidogo, kisha nikabonyeza.

Namba ikaanguka mpaka chini. Feni ikazungukazunguka ikapunguza, ikanyamaza. Nilikuwa nimesahau jinsi nyumba hii ilivyo kimya. Nikasikia maji yanachuruzika kwenye bati, na Kezia akaacha kuosha vyombo.

"Mama," akaita kutoka jikoni, "umeme umekatika?"

Nikamwambia hapana, mwanangu, umeme upo.